Shira ya tangawizi isiyo na sukari: kazi za sukari atazifanya nani?

Wanaoniuliza kuhusu shira ya tangawizi, ile ya kuchanganya na maji ya gesi ukapata soda ya nyumbani, karibu wote wana swali moja: niweke nini badala ya sukari? Wanataka jina la kitu kimoja wakakinunue. Kazi yangu ni usindikaji wa vyakula, hapa Unguja, na jibu langu huwa kwamba kitu kimoja hakitoshi. Ndani ya shira, sukari hutia utamu, hutia uzito mdomoni, hupooza ukali wa tangawizi, na huizuia shira isiharibike. Ukiitoa, kazi zote nne zinabaki bila mwenyewe. Utamu ndio rahisi kuliko zote kupatiwa badala yake. Hiyo ya nne ndiyo inayoweza kumlaza mtu hospitali, nayo haitajwi kabisa katika mapishi mengi yanayotumwa kwenye simu.

Sababu ya kuhangaika na jambo hili inajulikana na kila nyumba. Soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 300 ni kama vijiko saba vya chai vya sukari. Juisi ya miwa ya Forodhani, pamoja na ndimu na tangawizi yake, nayo ni sukari tupu kwa mwenye kisukari. Ikifika Ramadhani, jamvi linatandikwa, majagi yanapangwa, na mzee wa nyumba anawekewa maji matupu huku wajukuu wakinywa vya rangi. Mimi nataka naye apate kinywaji kinachochemka mapovu na kumwasha koo.

Nianze na usalama. Shira ya kaimati iliyopikwa kwa sukari nyingi, tuseme sehemu mbili za sukari kwa moja ya maji, hukaa kabatini bila neno kwa sababu sukari imeyashika maji yote. Bakteria hana cha kunywa. Ukipika tangawizi bila sukari, ulichonacho ni maji ya mzizi uliotoka udongoni. Udongo una mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemsha tu jikoni. Zikifungiwa ndani ya chupa isiyo na hewa, mahali pa joto, kwenye maji yasiyo na uchachu, zinaweza kuamka na kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha. Kinachozizuia ni asidi. Chini ya pH 4.6 haziamki (pH ni kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu unazidi). Tangawizi peke yake iko karibu na pH 6, yaani upande wa hatari. Ndimu iko karibu na 2 hadi 2.5.

Basi ndimu katika shira hii ni mlinzi kwanza, ladha baadaye. Mimi hushusha shira yangu hadi chini ya pH 3.5 ili nisiwe ninacheza mpakani. Na kwa kuwa ndimu za msimu mmoja hazilingani ukali na za msimu mwingine, situmii ndimu mbichi peke yake. Naongeza ndimu ya unga, ile ile ya kwenye achari, ambayo ukali wake kwa gramu haubadiliki. Karatasi za kupimia pH si ghali ukilinganisha na amani ya moyo zinayokupa. Chovya, linganisha rangi, andika.

Jambo moja hapa: sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi huila alumini. Pikia kwenye sufuria ya stenlesi, au ya enameli isiyobanduka.

Sasa tangawizi yenyewe. Kwa lita moja ya shira nachukua gramu 500 za tangawizi mbichi iliyokomaa, ile yenye nyuzi na ngozi ngumu, kwa sababu changa ina maji mengi na ukali mdogo. Soko la Darajani au Mwanakwerekwe huipati kwa shida, na wenzangu wa Pemba mnaipata Chake na Wete. Isugue kwa brashi mpaka udongo wote utoke kwenye vifundo. Kumenya si lazima, bali popote penye ukungu au ulaini pakate utupe.

Ukali wa tangawizi mbichi unatokana na kemikali ziitwazo jinjeroli. Ikikaushwa, au ikipikwa kwa muda, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji na kugeuka shogaoli, ambazo ni kali zaidi, na ukali wake unashuka kooni na kukaa. Ndiyo maana tangawizi kavu ya unga inaunguza kwa namna isiyofanana na ya mbichi. Harufu ni habari nyingine: ile harufu nyepesi yenye mguso wa ndimu inayotoka unapoikata ni mafuta yanayoruka na mvuke. Ukichemsha saa nzima sufuria ikiwa wazi, jikoni kwako kutanukia vizuri sana na chupa yako haitanukia kitu.

Kwa hiyo naigawa. Gramu 350 nazikata vipande vyembamba, nazitia kwenye mililita 700 za maji pamoja na kijiko kimoja cha mezani cha tangawizi kavu, nafunika, na kuacha itokote kwa moto mdogo nusu saa. Vipande, si kusaga. Tangawizi ina wanga mwingi, na ukiisaga kwenye blenda kisha ukaichemsha, wanga unavimba na unapata uji. Gramu 150 zilizobaki nazikwaruza mbichi, nazikamua kwa kitambaa cha melimeli, na juisi yake naiacha kwenye gilasi kwa saa moja ndani ya friji. Utaona tabaka jeupe limekaa chini kama chokaa. Huo ni wanga. Mimina juisi ya juu polepole, tabaka liache. Juisi hiyo ndiyo itakayorudisha harufu mwishoni.

Viungo vingine? Sisi ni watu wa viungo na mkono hauzuiliki, lakini hapa uzuie. Karafuu mbili zinatosha lita nzima. Zikizidi zinatia ganzi ulimini na tangawizi inapotea. Hiliki naipenda, mbili tatu, zilizopasuliwa. Pilipili manga sitii, na sababu ni ile kazi ya tatu ya sukari niliyoitaja: utamu mzito hupooza mwasho. Kiasi kile kile cha tangawizi ambacho kwenye shira ya sukari kinapendeza, bila sukari kinakuja kikali zaidi. Mtu akitoka kwenye mapishi ya zamani na kutoa sukari tu, atadhani amezidisha tangawizi.

Utamu. Hapa pana hesabu, na napenda watu waielewe badala ya kukisia. Shira hii inachanganywa sehemu moja kwa tano za maji ya gesi, kwa hiyo lita moja inatoa lita sita za soda. Nikitaka utamu wa wastani, kama gramu 70 za sukari kwa lita ya soda, nahitaji utamu wa gramu 420 ndani ya lita moja ya shira. Sukralosi, kitamu cha kutengenezwa kisicho sukari, ni tamu takriban mara 600 ya sukari, kwa hiyo gramu 0.7 zinatosha. Mizani ya jikoni haiwezi kupima hiyo. Dawa yake ni hii: yeyusha gramu 10 za sukralosi tupu katika maji yaliyochemshwa mpaka ifike lita moja kamili, weka friji, na kila mililita ya maji hayo itakuwa na gramu 0.01. Mililita 70 ndizo unazozitaka.

Tahadhari na vipakiti vya dukani. Kipakiti chenye utamu wa vijiko viwili vya chai vya sukari huwa na chembe tu ya sukralosi. Kilichobaki, karibu gramu moja, mara nyingi ni dekstrosi au maltodekstrini ya kujazia, na hiyo ni wanga unaopandisha sukari mwilini. Ukitumia vipakiti hamsini na kitu kupata utamu wa lita moja ya shira, kila gilasi ya mililita 300 itapata kama gramu mbili na nusu za wanga huo. Ni kidogo mbele ya gramu 30 za sukari zilizomo kwenye soda ya kawaida, lakini mwenye kisukari ana haki ya kujua. Soma upande wa nyuma wa boksi.

Stivia, kitamu kitokacho kwenye majani ya mmea, inafaa pia, nayo ni tamu mara 200 hadi 300, ila ikizidi inaacha uchungu kama wa mitishamba, na uchungu huo ukikutana na ukali wa tangawizi haufichiki. Chembe ya chumvi huupunguza. Aspatemu siipendekezi kwa shira inayopikwa kwa sababu moto huivunja, na wenye fenilketonuria, ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao mwili hushindwa kuvunja sehemu moja ya protini, hawaruhusiwi kuitumia. Erithritoli wengi wanaipenda kwa kuwa inafanana na sukari machoni, lakini utamu wake ni kama theluthi mbili tu ya sukari: kupata utamu ninaoutaka ungehitaji zaidi ya gramu 600 kwa lita, na maji ya baridi hayawezi kuyeyusha kiasi hicho. Itaganda chini ya chupa kama mchanga. Tena mwaka 2023 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha kiwango kikubwa cha erithritoli katika damu na mshtuko wa moyo na kiharusi. Haukuthibitisha kwamba ndiyo inayosababisha, lakini kwa mzee mwenye kisukari, ambaye moyo wake tayari una mzigo, mimi naiacha.

Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu visivyo sukari ili kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Hata hivyo kwa watoto wasio na tatizo mimi nashauri maji, na soda hii iwe ya siku moja moja.

Uzito mdomoni ndio unaosahauliwa, na kukosekana kwake ndiko kunakofanya vinywaji hivi vionekane kama maji yaliyotiwa dawa. Viwandani wanatumia gundi ya zanthani, gramu moja kwa lita inatosha. Mimi natumia unga wa ubuyu mweupe, usiotiwa rangi wala sukari. Ubuyu una pektini, inayotia ule unene mwepesi, na una asidi yake mwenyewe inayosaidia ndimu. Vijiko viwili vya mezani nakoroga kwenye maji ya tangawizi yakiwa vuguvugu, kisha nachuja kwa melimeli mara mbili. Mara mbili kweli, kwa sababu kila chembe inayobaki itakuja kufukuza gesi kwenye gilasi. Ubuyu una sukari yake kidogo, kama ilivyo tangawizi, ambayo ina chini ya gramu 2 kwa gramu 100. Ukijumlisha zote na kugawa kwa lita sita, unabaki chini ya nusu gramu kwa mililita 100, kipimo ambacho viwango vya kimataifa vya vyakula, viitwavyo Codex, vinaruhusu kinywaji kiitwe kisicho na sukari.

Kumalizia kupika: maji ya tangawizi yaliyochujwa yarudi jikoni, tia mililita 100 za ndimu iliyokamuliwa, gramu 8 za ndimu ya unga, mililita 70 za sukralosi, chembe ya chumvi, na ile juisi mbichi. Ongeza maji mpaka lita moja. Pasha mpaka nyuzi 85, bila kuchemka, maana ndimu ikichemka inapata uchungu. Pima pH. Mimina ingali moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, funga, zilaze ubavu dakika tatu ili moto uguse na kifuniko. Chupa za plastiki za soda msitumie. Zinajikunja kwa joto hilo. Ikipoa iende friji. Baada ya kufunguliwa imalizwe ndani ya wiki mbili. Anayetaka ikae zaidi atie gramu moja ya potasiamu sobeti, dawa ya kuhifadhi chakula, kwa lita. Dawa nyingine ya kuhifadhi, sodiamu benzoeti, mimi naiepuka, kwa kuwa ikikutana na vitamini C ya ndimu inaweza kutoa benzini, kemikali inayosababisha saratani. Chupa ikitoa povu yenyewe au ikionyesha utando, mwaga bila kuonja.

Kuna wanaotaka gesi kwa hamira. Hamira hula sukari, na sukralosi haili, kwa hiyo bila sukari hakuna gesi. Ukimtilia sukari anakupa gesi na pombe pamoja, na kwa joto letu hujui zimefika wapi mpaka chupa ipasuke. Kwa nyumba ya Kiislamu hilo peke yake linamaliza mazungumzo. Nunua maji ya gesi yasiyo na ladha, yapoze mpaka yakaribie baridi ya barafu, bila kuganda: kwenye nyuzi 0 maji hubeba gesi karibu mara mbili ya yanavyobeba kwenye nyuzi 20. Shira nayo iwe baridi. Mililita 50 za shira chini ya gilasi, inamisha, mimina mililita 250 za maji ya gesi ukifuata ukuta wa gilasi, usikoroge zaidi ya mzunguko mmoja.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kabla ya kunywa tangawizi nyingi kila siku. Na wanaotaka kuuza: Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndio mlango wa kwanza, na lebo itaje kitamu kilichotumika kwa jina lake, tarehe ya kutengenezwa, na kwamba chupa ikae kwenye friji.