Je, wajua tezi ya shingo ikidhoofika, kilo zinazoongezeka ni za nini?

Oktoba hapa Dodoma jua ni kali, kila mtu anatafuta kivuli. Shangazi yangu wa mtaa wa Kikuyu nilimkuta jikoni kavaa sweta, na juu yake kajifunga kanga. Alikuwa amenenepa, sauti imekuwa nzito, choo kigumu, uchovu tangu asubuhi. Chakula alishapunguza hadi kipande kidogo cha ugali wa uwele na mlenda, lakini mizani haikushuka. Kituo cha kwanza walimwambia ale kidogo zaidi. Baadaye sana ndipo kipimo cha damu kikaonyesha kwamba tezi yake ya thairoidi inatoa homoni kidogo mno.

Mimi nilikosea mara mbili. Kwanza, niliamini ugonjwa wa tezi lazima uonekane shingoni, maana tumezoea kuuona kama goita. Shingo ya shangazi haikuwa na uvimbe wowote. Tezi inaweza kuvimba na bado ikafanya kazi vizuri, na inaweza kudhoofika bila kuvimba hata kidogo. Pili, na kosa hili nalisikia kila siku, nilidhani uzito wote ule ni mafuta, na kwamba akianza vidonge utayeyuka.

Homoni za tezi hii huamua mwili uchome chakula kwa kasi gani. Fikiria jiko la mkaa: chakula ndio mkaa, homoni ni kile kimlango cha chini kinachoingiza hewa. Ukikifunga nusu, moto hauzimiki, ila unafifia. Sufuria inachelewa kuchemka na mkaa unabaki. Ndiyo sababu shangazi alisikia baridi, na utumbo wake ukaenda polepole. Mkaa uliobaki ni mafuta kweli, lakini kwa kawaida si mengi.

Kilo nyingine ni za maji, na hapo mlenda unaeleza vizuri kuliko kitabu. Chini ya ngozi mna vitu vya utelezi ambavyo mwili huvitengeneza na kuvivunja wakati wote. Homoni ikipungua, vinalundikana na kushika maji. Chota mlenda kwa mwiko uuinue: maji yamo tele, lakini hayadondoki peke yake, yanavutwa na ule ute. Ndivyo kope na vidole vinavyojaa. Ukibonyeza uvimbe huo, mara nyingi shimo halibaki, tofauti na uvimbe wa miguu wa mgonjwa wa moyo. Mwaka 1878 daktari William Ord wa London aliuita miksedema, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ute na uvimbe. Jina lenyewe lilikuwa limeshasema yote!

Kwa kawaida tezi dhaifu huchangia kama kilo 2 hadi 5, na zaidi hali ikiwa mbaya. Shangazi alipoanza levothairoksini, dawa inayofidia homoni hiyo, kidonge kila asubuhi kabla ya kula, pete iliyokuwa imembana ilianza kuzunguka kidoleni. Alipungua kilo 4. Zilizobaki anazifanyia kazi kwa mlo na kutembea, na sasa nguvu za kutembea anazo.

Kuhusu uwele, kuna majaribio ya maabara na ya wanyama yaliyoonyesha unaweza kuizuia tezi kutumia madini joto. Hiyo haitoshi kumkataza mtu ugali wake. Tumia chumvi yenye madini joto na uihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua.

Ukiwa na dalili kama za shangazi, omba kipimo cha TSH. Namba yake ikiwa juu, mara nyingi tezi ndiyo iko chini: TSH ni homoni iliyo kama sauti ya tezi nyingine, iliyo chini ya ubongo, inayozidi kuita kwa sababu ya shingoni haiitiki. Vidonge hivi si vya kupunguzia unene. Mwenye tezi nzima akivimeza anauumiza moyo na mifupa. Hata mgonjwa hapangi dozi mwenyewe. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, ndipo daktari aongeze au apunguze.