Acheni kuchoma kingo za tangi kwa kibiriti

"Fundi, ukingo nimeupitisha moto ukang'aa safi kabisa, mbona mrija umepasuka?" Swali hili limenifikia tena, na safari hii limekuja na picha: mrija wa akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, wa tangi la vepu (sigara ya kielektroniki) la kutengeneza nyumbani, wenye nyufa nyembamba zilizoanzia ukingoni zikapanda wima, zote zikaishia usawa mmoja. Wala sikuhitaji picha. Kila anayechoma ukingo hupata nyufa za namna hiyo, kisha anamlaumu aliyemuuzia mrija, au jua la Dar, au mimi.

Imani yenyewe ni kwamba ukingo uking'aa basi tangi limekamilika na halitavuja. Najua ilikotoka. Mafundi wa mabango na ngao za zawadi pale Kariakoo hupitisha moto kwenye kingo za akriliki kila siku, na hawakosei. Ngao inakaa kabatini. Haijazwi juisi ya vepu, wala hakuna oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, inayoisukuma kutoka ndani usiku na mchana. Ninyi mmeona mng'ao mkadhani ndiyo kazi.

Sikilizeni basi. Akriliki huanza kulegea ikikaribia nyuzijoto 105. Ukipitisha moto haraka, ngozi ya juu inalegea, inatambaa kidogo na kuziba mikwaruzo ya msumeno. Mng'ao wote unatoka hapo. Plastiki iliyo chini ya ngozi hiyo bado ni baridi na ngumu. Ngozi inapopoa inataka kusinyaa, ya chini haikubali, na mvutano unabaki umefungiwa pale pale ukingoni. Kwa macho huuoni. Mrija unaweza kukaa rafuni muda mrefu bila tatizo lolote, hadi siku unapomimina ladha ya mdalasini.

Mdalasini, limau, machungwa na mentoli ndizo ladha zinazojulikana zaidi kwa kupasua matangi ya plastiki, na si akriliki peke yake. Polikaboneti, plastiki nyingine angavu, nayo huzidiwa, hata kama ukiigonga kwa nyundo haistuki. Kemikali inapenya mahali ambapo plastiki tayari inavutwa, inalegeza mshikamano wake, ufa unafunguka. Plastiki isiyo na mvutano huvumilia zaidi. Simaanishi kwamba huvumilia milele, na anayekuahidi tangi la akriliki lisilopasuka kwa mdalasini anakudanganya.

Sasa kinachonikera zaidi. Mng'ao wenyewe hauna kazi! Kwenye matangi mengi ya kutengeneza nyumbani, oringi imekaa kwenye kizibo na inabana ukuta wa ndani wa mrija. Uso wa ukingo haugusani na juisi ipasavyo, na wala si wao unaozuia kuvuja. Kinachozuia ni ukuta wa ndani kuwa laini na duara, na kona ya ndani kuwa imevunjwa makali ili isikate oringi wakati wa kusukuma kizibo. Halafu angalia oringi inavyofanya kazi: inausukuma mrija kwenda nje, muda wote, milimita chache tu kutoka mwisho. Yaani inavuta plastiki mahali pale pale ulipopitisha moto. Mvutano juu ya mvutano, kisha unaongeza limau. Ndiyo maana nyufa kwenye ile picha zimekoma usawa mmoja: zimekoma zilipopita oringi.

Kukata kwenyewe si hadithi ndefu. Zungusha karatasi kwenye mrija hadi kingo zake zikutane sawasawa, piga mstari, utakuwa skwea kuliko kukisia kwa jicho. Weka kijiti cha mbao ndani ili kuta zisitetemeke. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, wale wa meno 32 kwa inchi, bila kukandamiza, na zungusha mrija kidogo kidogo badala ya kukata moja kwa moja hadi upande wa pili. Kile kikata bomba cha gurudumu kiache kwa mafundi bomba. Akriliki haikatiki kwa kubanwa, inapasuka.

Baada ya hapo weka msasa wa maji juu ya kipande cha kioo bapa, mwaga maji, simamisha mrija wima na usugue kwa kuuzungusha. Anza namba 240, nenda 400, malizia 600. Kona ya ndani ivunje kwa mgongo wa kisu, ukikwangua kidogo tu, kisha pitisha msasa wa 600 uliokunjwa kwenye kidole. Ukingo utakuwa na weupe wa ukungu. Uacheni hivyo hivyo. Unga wote uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa sababu usipoosha utauvuta. Spiriti msitumie, thina msitumie, petroli msitumie, wala dawa ya kusafishia vioo yenye amonia. Kuna anayepitisha moto, halafu anafuta na spiriti "kuua wadudu". Huyo anapata nyufa kabla hata ya kuijua ladha.

Hilo lakini lina faida kwa anayetaka kujiridhisha. Chukua kipande kilichobaki, kichome ukingo mmoja, mwingine usugue kwa msasa tu. Paka spiriti pande zote mbili, subiri, kisha kiinamishe kwenye mwanga. Upande uliochomwa ndio utakaoanza kuonyesha vinywele vya nyufa.

Kuna wanaopima mvutano kwa skrini nyeupe ya kompyuta na miwani ya jua ya polaroidi: unashika mrija kati ya skrini na miwani, unatafuta rangi za upinde wa mvua. Kwa polikaboneti inaonekana vizuri mno. Kwa akriliki rangi ni hafifu, hata pale mvutano upo, hivyo kutoona rangi si uthibitisho wa chochote. Siutegemei.

Ukiwa king'ang'anizi na lazima ung'ae, basi baada ya moto uulegeze mrija kwenye oveni, nyuzijoto 80, saa kadhaa, kisha zima na uuache upoe humo humo mlango ukiwa umefungwa. Umeme ukikatika katikati usifungue. Angalau unapoa taratibu. Shaka yangu iko kwenye oveni za jikoni. Swichi inasema 80, ndani mara ni 70, mara inapanda zaidi ya 100, na mrija unatoka umekuwa yai. Weka kipimajoto pembeni yake. Hata hivyo siwezi kuapa kwamba mvutano wote umetoka. Kiwandani wanadhibiti joto kwa namna ambayo jikoni kwetu hatuwezi.

Na mirija yenyewe haifanani. Iliyomiminwa kwenye kalibu huvumilia kuliko iliyosukumwa kwa mashine, maana ya mashine huzaliwa tayari na mvutano. Muuzaji ukimuuliza atakujibu ile unayotaka kusikia. Mimi natazama unga wa msumeno: ukitoka mkavu na wa kupukutika nina matumaini, ukinata kwenye meno na kuwa uzi nakuwa mwangalifu. Kubashiri tu huko, siwezi kukuita ushahidi.

Wapenzi wa mdalasini, nendeni duka la dawa mkanunue bomba la sindano jipya, kubwa, mlitumie badala ya mrija wa akriliki. Nyingi zimetengenezwa kwa polipropilini, plastiki ya aina nyingine, na kuhakikisha ni rahisi: kipande chake huelea kwenye maji, wakati akriliki na polikaboneti huzama. Si angavu sana, gundi haishiki, msasa unaacha vinyuzi ambavyo lazima uvikate kwa wembe mpya, na ndani ina mafuta ya silikoni ya kulainisha pistoni yake, hivyo osha kwa sabuni zaidi ya mara moja. Lakini ladha hizo haziipasui kirahisi. Na jamani, hiyo msiiguse na kibiriti kabisa: ikishika moto inadondosha matone yanayowaka, na mdomo unavimba kiasi kwamba hakuna kizibo kitakachoingia tena.