Seti ya aikoni na madoido ya maandishi: maana yake kwa msanifu wa tovuti

Aikoni ni picha ndogo inayosimama mahali pa neno: bahasha kwa barua pepe, lenzi kwa kutafuta, pipa kwa kufuta. Seti ya aikoni ni ukoo wa picha hizo, zilizochorwa kwa unene mmoja wa mstari, ndani ya mraba wa ukubwa mmoja. Ukichukua bahasha kutoka seti hii na pipa kutoka seti ile, mgeni wa tovuti huenda asijue kinachomkera, lakini jicho lake limekwishaona: mstari huu mnene, ule mwembamba, kona hii ya mviringo, ile kali.

Mraba huo ni wa tangu zamani. Susan Kare, aliyechora aikoni za kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, alifanya kazi ndani ya vitone (pikseli) 32 kwa 32, akijaza vijumba vya karatasi ya miraba kimoja kimoja. Tovuti zikaja kupenda 16 kwa 16, ukubwa wa seti ya Silk ya Mark James, yenye aikoni zaidi ya 700. Leo seti nyingi, Feather na Material Icons zikiwamo, huchorwa kwenye mraba wa 24.

Neno linalowaponza wengi ni "bure". Bure maana yake hulipi. Picha bado ina mwenyewe. Leseni ya MIT, inayotumiwa na Feather, inakuruhusu kutumia aikoni hata kwenye kazi ya kulipwa, mradi tangazo la leseni libaki pamoja na faili. Leseni ya Creative Commons aina ya BY, iliyotumika kwa Silk, inakudai umtaje mchoraji. Toleo la bure la seti ya Font Awesome lina leseni tatu kwa mpigo: picha ziko chini ya CC BY 4.0, fonti chini ya SIL OFL 1.1, na msimbo chini ya MIT. Ukiona herufi NC kwenye leseni, tovuti ya biashara haimo. Na nembo za kampuni zilizomo ndani ya seti hubaki mali ya kampuni hizo, hata kama seti nzima ni ya bure. Kusoma leseni ni kazi ya dakika tano, na ndiyo heshima ndogo kuliko zote tunayoweza kumpa mtu aliyechora picha mia kadhaa akazigawa.

Aikoni humfikia msomaji kwa njia tatu. Ya kwanza ni faili ya PNG, yaani vitone vilivyokwisha kupangwa, ukiikuza, inafifia. Ya pili ni fonti ya aikoni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni ujanja mzuri wenye kasoro kubwa. Unicode, orodha inayoipa kila herufi ya kompyuta namba yake, imetenga eneo la matumizi binafsi, kuanzia E000 hadi F8FF, nafasi 6,400 ambazo hazina herufi yoyote rasmi. Mtengeneza fonti huweka picha zake humo. Kivinjari kikikutana nazo hudhani ni herufi, kwa hiyo unaweza kuzipa rangi na ukubwa kama unavyofanya kwa neno lolote. Lakini fonti isipofika, msomaji huona kisanduku kitupu. Mwenye shida ya kusoma, aliyebadilisha fonti zote za kivinjari ili herufi zisimchanganye, huona visanduku hivyo kila siku. Na programu inayomsomea asiyeona hunyamaza tu, au hutamka kitu kisicho na maana.

Njia ya tatu ni SVG, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2001. Faili hii haihifadhi vitone. Inahifadhi maelekezo ya mistari: anzia hapa, pinda pale, jaza rangi hii. Ikuze upendavyo, haififii. Ukiiweka ndani ya ukurasa na kuipa thamani ya currentColor, inafuata rangi ya maneno yaliyo jirani yake. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, iliacha fonti ya aikoni na kuhamia SVG mwaka 2016, na mimi simshauri mtu anayeanza tovuti mpya leo ashike njia nyingine. Aikoni ya urembo tu ipewe aria-hidden="true" ili programu ya kumsomea asiyeona iiruke; iliyo peke yake kwenye kitufe ipewe jina la kusomwa na programu hiyo.

Madoido ya maandishi, yaani kivuli, mng'ao na rangi za kupamba herufi, yalianza na kosa la upande wa pili. Fonti ya aikoni ni picha iliyovishwa nguo za herufi. Vichwa vya habari vya zamani vilikuwa herufi zilizogeuzwa picha. Msanifu aliandika neno kwenye programu ya kuchorea, akaongeza kivuli na mng'ao, akalihifadhi kama picha. Neno likapendeza, ila halikuweza kunakiliwa wala kutafsiriwa.

Agizo la CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, liitwalo text-shadow lilitatua hilo. Liliandikwa kwenye CSS2 mwaka 1998, likaondolewa katika CSS 2.1, kisha likarudi na CSS3. Lina sehemu nne: umbali wa kivuli kwenda kando, umbali wa kwenda chini, ukungu, na rangi. Chukua maneno ya kijivu kilichokolea juu ya kijivu cha wastani, uandike text-shadow: 0 1px 0 rgba(255,255,255,.5). Maneno yataonekana yamechongwa ndani ya ukurasa. Jicho limezoea mwanga utokao juu, na kwenye kitu kilichochongwa ukingo wa chini ndio unaong'aa. Kitone kimoja cheupe kinatosha kulishawishi.

Rangi zinazoyeyukiana ndani ya herufi hupatikana kwa background-clip: text pamoja na rangi ya maandishi isiyoonekana kabisa (transparent). Hapa kuna hatari: kivinjari kisichoelewa agizo la kwanza kikatii la pili, maneno hutoweka. Yaweke yote mawili ndani ya @supports, sharti linalouliza kwanza kama kivinjari kinaelewa agizo, na nje yake uache rangi ya kawaida. Pima pia utofauti wa rangi pale zinapopauka zaidi: mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, 3 kwa 1 kwa makubwa, na tangu toleo la 2.1 la mwaka 2018, 3 kwa 1 kwa aikoni zenye maana.

Ukitaka kukagua ukurasa wako, kuza kivinjari hadi asilimia 400 uangalie ni aikoni zipi zimefifia. Halafu chagua kichwa cha habari kwa kipanya, nakili, ubandike kwenye faili tupu ya maandishi. Maneno yakitokea, madoido yako yamekaa juu ya maandishi halisi.