Soko la ng'ambo la mkaa wa kuchujia maji halina mnada: soma hapa kabla hujakusanya vifuu

Kwa miezi kadhaa sasa ofisi yetu ya biashara ya nje hapa Mtwara inapokea malalamiko ya aina moja, kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Mchinga na Kilwa Masoko. Mtu anakuja na karatasi, au picha kwenye simu, yenye habari kwamba wanunuzi wa Ulaya na Asia wanatafuta bidhaa za sekta ya maji na taka, na kwamba ukilipa ada ya usajili jina lako litaingia kwenye orodha ya wauzaji. Ameshalipa. Ameshakusanya. Magunia ya vifuu vya nazi yamejaa uani, chupa za plastiki zimerundikwa nyuma ya nyumba, na namba aliyopewa haipatikani tena.

Hakuna ofisi ya serikali inayouza nafasi kwenye orodha ya wanunuzi. Tumelisema hili kwenye mikutano ya kata, tumelisema redioni, na bado wiki hiyohiyo watu wanakwenda kulipa. Aliyelipa aende polisi na risiti au ujumbe wa muamala. Asije kwetu kuomba tumtafutie huyo mnunuzi, kwa sababu hakuwepo.

Pamoja na hayo, nisingependa mtu aondoke akidhani soko lenyewe ni hadithi. Lipo, na linakua kwa sababu inayoeleweka. Nchi tajiri zimebana viwango vya maji ya kunywa kutokana na kemikali ziitwazo PFAS, zinazotumika kwenye vikaango visivyogandisha chakula, vitambaa visivyopenya maji na povu la kuzimia moto. Kemikali hizi zikishaingia majini haziozi. Umoja wa Ulaya uliweka kwenye sheria yake ya maji ya kunywa ya mwaka 2020 kwamba kuanzia Januari 12, 2026 jumla ya aina 20 za kemikali hizo isizidi mikrogramu 0.1 kwa lita. Marekani nayo, mwezi Aprili 2024, ilitangaza kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa aina mbili kati yake. Njia mojawapo kubwa ya kuzinasa ni kupitisha maji kwenye mkaa maalumu wa kuchujia, ambao wataalamu wanauita kaboni amilifu. Mkaa huo hutengenezwa kwa makaa ya mawe, kwa mbao, na kwa kifuu cha nazi. Kifuu kinapendwa hasa kwa vichujio vya majumbani, maana mkaa wake ni mgumu, hauvunjiki kuwa unga, na vitundu vyake ni vidogo mno.

Hapo ndipo habari ya kweli inapoishia na uvumi unapoanzia.

Mama mmoja wa Mikindani, aliyekuwa na magunia manane, aliniuliza: "Sasa mwanangu, wakija kununua, mzigo niupeleke ghala gani?" Swali lake nimelibeba mpaka leo, kwa sababu ndilo linaloeleza tatizo zima. Sisi wa Kusini tumelelewa na korosho. Unapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa, unaingia ghalani, unapewa stakabadhi, wanunuzi wanashindana mnadani na fedha inaingia benki. Mfumo huo una sheria yake, bodi yake na maghala yake. Vifuu havina hata kimoja kati ya hivyo. Mnunuzi wa mkaa wa kuchujia maji haji kutazama magunia. Anaagiza sampuli, anaipima, anasaini mkataba wa tani kadhaa kila mwezi, na mzigo wa tatu ukitofautiana na sampuli anaurudisha. Kukusanya kwanza na kutafuta mnunuzi baadaye ni kufanya mambo kinyumenyume.

Tupige hesabu. Tani moja ya mkaa wa vifuu inahitaji vifuu vikavu tani tatu hadi nne. Tuseme mnunuzi anataka kontena moja la tani 15. Hizo ni tani 45 hadi 60 za vifuu. Kifuu cha nazi moja kina uzito wa gramu 150 hivi, kwa hiyo tunazungumzia nazi laki tatu hadi laki nne. Kama mnazi unatoa nazi 50 kwa mwaka, kontena hilo moja ni kazi ya mwaka mzima ya minazi 6,000 hadi 8,000. Na mkaa huo bado ni mkaa tu. Kuugeuza kuwa wa kuchujia maji kunahitaji tanuru la mvuke lenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000, na takriban tani tatu za mkaa wa kawaida zinatoa tani moja tu ya mkaa wa kuchujia.

Tena vifuu vyenyewe haviko shambani. Nazi zetu nyingi zinauzwa nzima. Zinapanda lori kwenda Dar es Salaam, na kifuu kinabaki jikoni kwa watu Tandale na Buguruni. Huku kinabaki penye mbata, penye mama lishe na kwenye hoteli. Minazi nayo imepungua, wengi mmeona wenyewe ugonjwa wa kunyong'onyea ulivyoacha magogo yaliyosimama bila makuti. Ndiyo maana nasema mtu mmoja na magunia yake hafiki popote. Vikundi vya Kilwa, Lindi na Mtwara vikiungana, vikachoma kwa namna moja na kupima kwa namna moja, hapo tunaweza kuzungumza. Na pa kuanzia ni kuuza mkaa kwa viwanda ambavyo tayari vina matanuru ya mvuke. Sri Lanka na India wako kwenye kazi hii kwa miaka mingi.

Jambo ambalo sijamsikia mtu akiuliza hata mara moja: mkaa huohuo wa vifuu, ukishapitishwa kwenye mvuke, ndio unaonasa dhahabu kwenye mitambo ya kuchenjulia kwa sayanidi. Geita kwenye migodi ya dhahabu ni karibu kuliko bandari ya Rotterdam kule Ulaya. Anayefikiria kuweka tanuru la mvuke aanze kwa kuwauliza wenye mitambo ya dhahabu wanapoupata mkaa wao na kwa bei gani.

Sasa taratibu. Msafirishaji anahitaji TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara ya kundi A inayotolewa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Ile ya halmashauri haitoshi, na kila wiki kuna mtu anatuletea ile ya halmashauri. Anahitaji mkataba au oda ya mnunuzi, ankara, orodha ya ufungashaji, na cheti cha uasilia (kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani) kutoka TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, pale mnunuzi anapokihitaji ili apate nafuu ya ushuru kwao. Tamko la forodha linaingizwa kwenye mfumo na wakala mwenye leseni. Mkaa wa kawaida na mkaa uliopitishwa kwenye mvuke havina namba moja ya ushuru: wa kawaida uko chini ya 4402, wa kuchujia uko chini ya 3802. Wapo wanaoshauriwa mitaani waandike namba ya pili ili mzigo uonekane wa thamani, au ili wakwepe maswali ya misitu. Msifanye hivyo. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinasema anayetoa tamko la uongo au lisilo sahihi anaweza kufungwa hadi miaka mitatu au kutozwa faini isiyozidi dola 10,000. Tazameni maneno "lisilo sahihi". Kusema ulidanganywa na wakala hakukuondoi kwenye kifungu hicho, kwa sababu tamko linabeba jina lako. Na kabla ya kupakia mkaa wowote barabarani, hata wa vifuu, zungumzeni na TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, mpate maandishi. Askari wa kizuizini usiku hawezi kutofautisha mkaa wa kifuu na wa mninga akiwa na tochi, na si haki kumlaumu.

Kisha meli. Hili watu hulichukulia kama urasimu, nami huwa nakosa uvumilivu linapodharauliwa, maana ni uhai wa mabaharia. Mkaa mpya hujipasha joto wenyewe ukikutana na hewa, na ndani ya kontena lililofungwa unaweza kuwaka bila mtu kuuwasha. Kati ya 2015 na 2022 kulihesabiwa angalau matukio 68 ya moto melini yaliyohusishwa na mkaa. Kwa hiyo kuanzia Januari 1, 2026 kanuni za kimataifa za shehena hatari baharini zinataka mkaa utangazwe kuwa shehena hatari, namba UN 1361. Ule msamaha wa zamani uliopatikana kwa cheti cha kipimo umefutwa. Mkaa ukae siku 14 chini ya paa, ukipigwa na hewa, kabla ya kufungashwa. Siku ya kufungashwa joto lake lisizidi nyuzi 40. Ndani ya kontena ibaki nafasi ya sentimita 30 kati ya mzigo na dari. Uzito wa kontena uthibitishwe kabla halijapanda melini, kama ilivyo lazima tangu Julai 1, 2016. Mkaa uliotengenezwa kwa mvuke hauguswi na masharti ya shehena hatari, na hiyo ni sababu nyingine ya kutamani tanuru letu wenyewe siku moja. Gati letu la Mtwara lina nafasi na kina. Kinachoweza kutukwamisha ni kampuni ya meli kukataa mzigo kwa sababu aliyefungasha hakuandika tarehe ya kuchoma.

Nije kwenye chupa za plastiki, kwa kifupi, kwani hapa matumaini ni madogo kuliko watu wanavyotaka kusikia. China ilifunga mlango wa taka za plastiki mwaka 2018, na mwaka 2021 ikafunga kwa taka ngumu zote. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel, unaosimamia usafirishaji wa taka kati ya nchi na nchi, na tangu Januari 1, 2021 plastiki mchanganyiko au chafu haivuki mpaka wa nchi kabla nchi inayopokea haijakubali kwa maandishi, ikiombwa na serikali yetu, pamoja na nchi ambazo mzigo utapita. Mtu binafsi hawezi kujiandikia ridhaa hiyo. Marekani haijaridhia mkataba huo, kwa hiyo bila makubaliano maalumu kati ya nchi na nchi, kwao haipelekwi kabisa. Mzigo ukikamatwa umekwenda kinyume, serikali yetu ikishajulishwa ina siku 30 za kuhakikisha unarudi, na mwenye mzigo ndiye wa kwanza kuambiwa aurudishe kwa gharama zake. Iliyo safi, ya aina moja, inayokwenda kurejelezwa, ina masharti mepesi zaidi. Lakini gunia lenye chupa za maji, vifuniko, ndoo zilizopasuka na mchanga wa ufukweni halipo kwenye kundi hilo. Mwenye chupa awauzie wanunuzi wa ndani wanaosaga.

Yule mama wa Mikindani hakutupa vifuu vyake. Yeye na wenzake sita wamekubali kuchoma kwenye pipa moja, kwa muda uleule kila mara, na kuandika. Vikundi vingine vinavyotaka kuanza navyo vilete sampuli ofisini, Jumanne au Alhamisi asubuhi. Kilo mbili za mkaa zinatosha. Mkaa uwe umekaa siku 14, mfuko uwe mkavu na haujawahi kubeba mbolea wala salfa ya mikorosho, na juu yake yaandikwe jina la kijiji, tarehe ya kuchoma, na idadi ya vifuu mlivyoingiza.