Safari Rally haikufa mwaka 2002

Kila Safari Rally, mbio za magari za Kenya, ikikaribia, utasikia maneno yale yale: mbio zilikufa 2002, zikafufuka 2021. Si kweli. Kilichopotea ni hadhi. Kuanzia 2003 Kenya ilitoka kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia, WRC, kwa uhaba wa fedha na udhaifu wa maandalizi. Si kwamba Wazungu walizikimbia barabara zetu, kama tupendavyo kujisifu vijiweni. Mbio zenyewe ziliendelea chini ya ubingwa wa Afrika. Dereva Mkenya Carl Tundo alishinda mara tano katika kipindi hicho, ya kwanza 2004, ya mwisho 2018. Ni mtu aliyekuwa akishinda mbio ambazo wengi wetu tulishazizika.

Na zilizorudi WRC 2021 si zile zile. Safari ya zamani, iliyoanza 1953, ilipita barabara zilizo wazi kwa kila mtu. Dereva akikata kona angeweza kukutana na matatu au kundi la ng'ombe, ndiyo maana timu tajiri zilirusha helikopta mbele kuonya. Magari yalifungwa bomba la hewa lililopanda hadi juu ya paa, injini isimeze maji ya mto. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza 7. Hata 2002, aliposhinda dereva Mskoti Colin McRae, hatua za kushindania muda zilifika takriban kilomita 1,000. Za 2021, kando ya Naivasha, zilikuwa kama 320, barabara zikiwa zimefungwa.