Buda: ukoo wa fisi wa Ethiopia

Hadithi nyingi za kubuni kuhusu watu wanaogeuka wanyama zina pande mbili: ukoo unaorithishana uwezo huo, na mashujaa waliokula kiapo kuumaliza. Pande hizo hazichangamani. Ukoo hujificha msituni, wawindaji hukaa mjini, wakakutana usiku wa vita.

Nyanda za juu za Ethiopia zina imani ya namna hiyo, ila huku mwindaji na mwindwa ni majirani. Buda, kwa Kiamhari, ni mtu mwenye jicho la husuda, na usiku huaminika hugeuka fisi. Anayenyooshewa kidole zaidi ni mhunzi, pamoja na mkewe mfinyanzi. Ubuda, wanasema, hurithiwa kama ufundi wenyewe, baba kwa mwana. Beta Israel, yaani Wayahudi wa Ethiopia, walikuwa na wahunzi wengi, basi tuhuma zikawaangukia. Masimulizi yanasema Mfalme Yeshaq, aliyetawala 1414 hadi 1429, aliwanyima urithi wa ardhi wasiokubali kubatizwa. Asiye na shamba atashika nyundo.

Ushahidi? Nathaniel Pearce, Mwingereza aliyeishi Tigray mwanzoni mwa karne ya 19, aliandika kwamba ameona fisi wenye hereni za dhahabu masikioni, mfano wa zile walizovaa wahunzi. (Mimi namshuku mhunzi mmoja mwenye utani, aliyemkamata fisi akiwa bado mchanga.)

Na mwindaji je? Mkuki haufui dafu, kwa kuwa buda humla mtu kwa jicho, hata mchana, hasa akimkuta anakula. Anayeitwa ni debtera, msomi wa kanisa asiye kasisi, anayeandika hirizi kwenye ngozi. Mgonjwa hufukizwa moshi mpaka buda aseme kwa kinywa cha mgonjwa huyo na kujitaja jina.

Hapo ndipo mambo huwa magumu. Jina limetajwa, kijiji kizima kimesikia, lakini msimu wa kulima umefika na plau ni butu. Mundu wa mkulima, mkuki wa askari, vyote vimetoka kwenye mivukuto ya ukoo uleule. Katika hadithi za kubuni sijakutana bado na shujaa anayelazimika kumpelekea adui silaha yake ikanolewe, kisha akakaa pembeni kusubiri, chakula chake amekifunika kwa shuka.