Mjumbe wa nyumba kumi sio serikali, tuelewane hapa

Kuna dhana potofu nyingi kuhusu mjumbe, na hii ya kwanza ndo imeenea kuliko zote, kwamba mjumbe ni kiongozi wa serikali. Hapana jamani. Mjumbe, anayeitwa pia balozi wa shina (shina ndo ngazi ya chini kabisa ya chama), ni kiongozi wa CCM, anachaguliwa na wanachama wa shina lake kwenye uchaguzi wa ndani ya chama kama ule wa 2022, basi. Ila watu wasilaumiwe sana, maana nyumba kumi zilianzishwa na TANU, chama kilichoitangulia CCM, miaka ya 60 na enzi za chama kimoja huwezi kujua chama kinaishia wapi serikali inaanzia wapi, mgeni akifika anapelekwa kwa balozi, mkigombana mnaenda kwa balozi. 1992 vyama vingi vikarudi, mazoea yakabaki palepale. Serikali ya chini yako ni mwenyekiti wa mtaa, au wa kijiji na kitongoji kama uko shamba, hao tunawapigia kura wakazi wote, halafu kuna mtendaji ambaye yeye ameajiriwa. (Zanzibar kuna sheha, huyo ni wa serikali, msimchanganye na balozi.)

Sasa hii inaniuma: "bila mjumbe hupati barua." Barua ya utambulisho ya NIDA (kitambulisho cha taifa), benki au dhamana inatoka ofisi ya serikali ya mtaa. Kweli sehemu nyingi wanakwambia anzia kwa mjumbe akuthibitishe, kwa sababu mwenyekiti hawezi kumjua kila mpangaji, na hapo anakusaidia kama jirani anayekufahamu tu. Lakini akianza kuulizia kadi ya chama hapo hapana, mwenye kadi ya CHADEMA, ya ACT au asiye na kadi kabisa ni mkazi vilevile, nenda moja kwa moja kwa mtendaji.

Na kununua kiwanja mbele ya mjumbe? Yeye ni shahidi kama jirani mwingine yeyote, saini yake haikupi hati.

Eti wanakula hela za chama. Zipi? Mjumbe hana mshahara, kampeni zikija labda tisheti, kofia na nauli ya kikao. Kazi sasa: kuandikisha wanachama, kufuatilia ada, kuitisha vikao, kupeleka taarifa tawini, halafu msiba ukitokea yeye ndo anapita na daftari la michango, mke na mume wakizichapa saa saba usiku mlango unaogongwa ni wake, polisi wakija kupekua nyumba wanamwita ashuhudie. Na wanafanya yote haya bure, tuwaheshimu kwa hilo.

Tena sio CCM peke yao, CHADEMA nao wana viongozi wa misingi huko chini na wao pia wanajitolea.